Kufuli la Richmond: uchambuzi wa uamuzi wa kocha Ken Carter, Januari 1999

Tarehe 4 Januari 1999, wachezaji wa mpira wa kikapu wa Shule ya Sekondari ya Richmond, katika jimbo la California nchini Marekani, walikuta ukumbi wao wa mazoezi umetiwa kufuli. Timu kubwa ya shule hiyo ilikuwa imecheza mechi 13 msimu huo na kushinda zote. Aliyetia kufuli hakuwa mkuu wa shule wala ofisa wa elimu wa wilaya, bali kocha wao mwenyewe, Ken Carter, mtu ambaye kila ushindi wa timu ulimjengea jina. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: kati ya wachezaji 45 wa timu zote za shule, wakubwa kwa wadogo, 15 walikuwa wameshindwa kutimiza masharti ya masomo waliyoyatilia saini kabla ya msimu.

Kisa hiki kilitangazwa Marekani nzima, na mwaka 2005 kikatengenezewa filamu ambayo wengi wetu tumeiona, wengine katika mabasi ya masafa marefu na wengine katika vibanda vya video. Filamu ina ruhusa ya kutia chumvi, na sina ugomvi nayo. Ninachokusudia hapa ni kuutazama uamuzi ule kama uamuzi: kocha alikuwa na nini mkononi, alihatarisha nini, alimuumiza nani asiye na kosa, na ni sehemu ipi ya kazi yake inayoweza kufuatwa na mtu anayefundisha vijana mahali pengine. Rai yangu, niiseme mapema, ni kwamba kufuli lenyewe ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika kisa hiki. Uzito wake umo katika karatasi iliyolitangulia, na katika hasara ambayo kocha alikubali kuibeba yeye kwanza.

Mji na shule

Richmond ni mji ulio kando ya Ghuba ya San Francisco, upande wa kaskazini mwa Oakland. Tangu mwaka 1902 una kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, na ndicho kilichoipa timu ya shule jina la Oilers, yaani watu wa mafuta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mji huo ulikuwa na viwanja vinne vya kuunda meli vilivyoteremsha majini meli 747, na kazi hizo zikawavuta maelfu ya watu, wakiwamo Wamarekani Weusi wengi kutoka majimbo ya kusini. Vita ilipokwisha viwanja vilifungwa na ajira zikatoweka, lakini watu hawakuondoka. Carter naye ni mzaliwa wa Mississippi aliyekulia Richmond, akaichezea shule hiyohiyo katika miaka ya 1970, kisha akawa mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya michezo, na mwaka 1997 akarudi pale kuwa kocha. Kwa hiyo hakuwa mgeni aliyeshuka na dawa yake mfukoni; alikuwa mtoto wa mtaa aliyeujua mlango ule kabla hajaufunga.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita, nami naona haliwezi kuachwa. Mwezi Aprili 1991 wilaya ya elimu ya Richmond iliishiwa fedha na kutangaza kwamba ingezifunga shule zake zote wiki 6 kabla ya mwaka wa masomo kwisha. Wazazi walikwenda mahakamani, mahakama ikaiamuru serikali ya jimbo ihakikishe watoto wanamaliza mwaka, na Desemba 1992 Mahakama Kuu Kabisa ya California ikathibitisha kwamba jimbo haliwezi kuwaacha watoto wa wilaya moja wakose masomo yanayopatikana kwa wenzao. Vijana waliokuwa na umri wa miaka 17 mwaka 1999 walikuwa na miaka 9 wakati watu wazima walipokaribia kuwafungia shule kwa sababu ya hesabu zisizokaa sawa. Kufungiwa mlango halikuwa jambo geni katika mji ule. Jipya lilikuwa kufungiwa mlango mmoja na mtu anayekusubiri katika mlango wa pili.

Karatasi

Sheria ya California inamtaka mwanafunzi anayeshiriki michezo ya shule awe na wastani wa alama 2.0, katika mizani ambayo A huhesabiwa 4, B 3 na C 2. Carter aliwataka wachezaji wake wawe na 2.3. Kwa msomaji asiyezoea mizani hiyo, tofauti inaonekana kama kikohozi, basi tuihesabu: mwanafunzi mwenye masomo sita akipata C katika yote, amefikisha 2.0 na sheria haina neno naye. Ili afikishe 2.3 anahitaji C nne na B mbili. Mgogoro wote uliozua kelele nchini Marekani ulihusu hizo B mbili.

Kwa nini B mbili zipiganiwe hivyo? Mchezaji wa sekondari anayetaka kuendelea kucheza kwa ufadhili katika chuo kikuu hukutana na masharti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1996, kijana mwenye wastani wa 2.0 katika masomo ya msingi alitakiwa kupata alama 1010 kati ya 1600 katika SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, wakati mwenzake mwenye 2.5 alitakiwa kupata 820 tu. Ina maana kwamba sheria ya jimbo ilimruhusu kijana kucheza miaka minne, kushangiliwa na kuandikwa magazetini, huku akielekea kwenye ukuta ambao hakuna aliyemwambia upo. Mtu anayekuruhusu kucheza kwa 2.0 anaonekana mpole, kumbe anakuazima leo kwa riba ya kesho. Carter aliusogeza ukuta ule karibu, mahali ambapo mtoto angeuona angali na muda wa kujifunza kuupanda.

Masharti mengine yalikuwa madogo na hayakuwa na uhusiano wowote na mpira: kuhudhuria vipindi vyote, kukaa safu ya mbele darasani, kukabidhi kazi za nyumbani, kuvaa shati na tai siku ya mechi. Sharti la safu ya mbele ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu halidai akili wala fedha. Mtoto asiyejua aljebra hawezi kuamriwa aijue kesho, lakini anaweza kuamriwa akae pale ambapo mwalimu anamwona na yeye anauona ubao. Kocha hodari wa mpira wa kikapu hufanya vivyo hivyo kiwanjani: hamwambii mtoto afunge, humwambia miguu yake iwe wapi mpira utakapomfikia.

Wachezaji walitia saini. Hapo ndipo kisa kinapopata uti wake. Karatasi ile isingekuwapo, kufuli la Januari lingekuwa hasira ya mtu mzima. Kwa kuwa ilikuwapo, likawa utekelezaji wa ahadi ambayo pande zote mbili zilikuwa zimeisoma wakati kila mtu ametulia na hakuna rekodi ya mechi 13 ya kuilinda.

Siku nane

Ukumbi ulifungwa kwa muda wa siku 8 hivi, na mechi mbili zikapita bila Richmond kuingia kiwanjani. Saa za mazoezi zikawa saa za kusoma, maktaba ikawa ndiyo ukumbi wa timu, na waliorudi nyuma wakasaidiwa katika masomo. Baadhi ya wazazi walipinga vikali, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Kwa kijana wa mwaka wa mwisho, mechi moja inaweza kuwa ndiyo siku ambayo mtu wa chuo amekuja kumtazama. Vyombo vya habari vilijaa shuleni, na timu iliyokuwa ikijulikana katika kona yake ya jimbo ikajulikana kote kwa sababu haikucheza.

Wiki hiyohiyo, kwa sadfa ambayo hakuna mwandishi angethubutu kuibuni, NBA yenyewe, ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa kikapu Marekani, ilikuwa imefungwa. Wamiliki wa klabu walikuwa wamewafungia wachezaji tangu tarehe 1 Julai 1998 kwa mgogoro wa mishahara na mgawanyo wa mapato, na walipatana tarehe 6 Januari 1999, siku mbili baada ya kufuli la Richmond. Msimu ukapunguzwa kutoka mechi 82 hadi 50. Kijana wa Richmond aliyefungua televisheni jioni angeona watu anaowahusudu wakibishana juu ya mamilioni, na mwalimu wake akibishana juu ya B mbili.

Taarifa za masomo ziliporidhisha, ukumbi ulifunguliwa na msimu ukaendelea. Timu haikutwaa ubingwa wa jimbo. Carter amesema mara nyingi kwamba wachezaji wake wote wa kipindi cha 1997 hadi 2002 walihitimu sekondari.

Swali la wale 30

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya Carter ni ya hesabu rahisi. Kama 15 walivunja mkataba, 30 waliutimiza. Hao 30 walikaa mbele, walikabidhi kazi zao, walipata alama zao, kisha wakafungiwa nje pamoja na wenzao. Mwanawe Carter naye alikuwa mchezaji wa shule hiyo, na kufuli halikumbagua. Je, kijana anajifunza nini anapoadhibiwa kwa kosa la jirani? Katika shule zetu adhabu ya darasa zima kwa kelele za watatu inajulikana sana, na wengi waliopitia wanakumbuka uchungu wake bila kukumbuka somo lolote.

Njia nyingine ilikuwapo na ilikuwa halali kabisa: kuwaweka kando wale 15 na kuendelea na waliobaki. Ingekuwa haki kwa kila mmoja akipimwa peke yake, nayo ingeuridhisha umma. Lakini tuifuate hadi mwisho wake. Timu inashinda mechi ya 14 bila wao, na ujumbe unaowafikia ni kwamba hawakuhitajiwa. Mazoezi yanaendelea mlango ukiwa wazi kwa wenzao, wao wanatoka getini alasiri bila pa kwenda, na kitu pekee kilichokuwa kikiwarudisha shuleni kila asubuhi kimekatika. Methali ya samaki mmoja akioza hutumiwa kwa kawaida kuhalalisha kumtoa samaki huyo tengani. Carter hakumtoa mtu. Aliwazuia wote wasicheze, na kwa kufanya hivyo akawaacha wote ndani ya timu.

Mpira wa kikapu wenyewe unampa hoja. Mlinzi akipitwa, mwenzake wa nyuma huacha mtu wake na kuziba pengo, na wa tatu huziba la yule wa pili. Timu ambayo kila mchezaji humlinda mtu wake tu na kusema "wangu hajafunga" hufungwa vikapu vingi na wachezaji watano wasio na hatia. Kijana mwenye wastani wa 3 ambaye mpaka Desemba hakuwa na sababu yoyote ya kujua mwenzake anapata nini katika historia, Januari alikuwa na sababu. Uongozi miongoni mwa rika huanzia hapo, pale ambapo kushindwa kwa mwenzako kunakugusa na wewe una uwezo wa kupunguza kushindwa huko. Hilo la pili ni la lazima. Adhabu ya darasa zima kwa sababu ya kelele huchukiza kwa kuwa mtoto mnyamavu hana namna ya kuwanyamazisha wapiga kelele, na fimbo haiishi kwa juhudi zake. Katika Richmond mlango ulifungwa kwa sharti lililoeleweka, na kila saa iliyotumika maktabani ililisogeza sharti hilo karibu.

Hata hivyo, sitaki kuwafuta wale 30 kwa ufasaha. Walilipa. Mechi mbili za kijana wa mwaka wa mwisho hazirudi, na hakuna mantiki ya ulinzi wa kusaidiana inayomrudishia. Ningekuwa katika nafasi ya Carter, ningeiandika hali hiyo ndani ya mkataba tangu mwanzo, kwamba wakishindwa wengi kiasi fulani timu nzima itasimama, ili anayetia saini ajue kwamba anatia saini pia kwa ajili ya jirani yake.

Kosa la pili ni la muda. Wanafunzi 15 hawaporomoki kwa usiku mmoja. Timu ilipokuwa ikishinda mechi ya tano, ya nane na ya kumi, kazi za nyumbani zilikuwa tayari hazikabidhiwi na vipindi vilikuwa tayari vinakimbiwa. Kocha aliyesimamia mkataba kwa ukali wa kufuli angeweza kuusimamia mapema kwa ukali wa kijikaratasi cha kila Ijumaa. Inawezekana ushindi uliwalevya wote. Ubao wa matokeo una tabia ya kujibu maswali ambayo hukuyauliza na kuyanyamazisha uliyoyauliza.

Gharama ya kocha

Kocha wa vijana ana chombo kimoja tu. Hana mshahara wa kukata, hana cheo cha kupandisha, na mara nyingi hana hata mamlaka ya darasani. Ana dakika za kucheza, basi. Makocha wengi hukitumia chombo hicho kwa anayekosea pasi na kukificha kwa anayekosa shule, kwa sababu anayekosa shule huenda ndiye mfungaji bora. Vijana wanaiona hesabu hiyo mapema kuliko tunavyodhani. Wanajua ni sheria ipi hupinda mbele ya kipaji, na kutoka hapo hujifunza somo la uongozi ambalo hakuna aliyekusudia kuwafundisha.

Carter alikitumia chombo hicho siku ambayo kilikuwa ghali kwake. Angefunga ukumbi baada ya kufungwa mechi sita, watu wangesema anatafuta kisingizio. Alifunga akiwa na 13 kwa 0, duka lake likiwa katika mji uleule wenye hasira, na jina lake likiwa juu ya meza. Mtu mzima aliyewaambia kwamba masomo yanatangulia mpira alionyesha, kwa mali yake mwenyewe, kwamba anaamini mpangilio huo. Hotuba juu ya nidhamu walikuwa wamesikia nyingi.

Tukiutoa uamuzi huu Richmond

Tanzania ina mashindano ya shule za sekondari yanayoitwa UMISSETA, na kirefu chake ni Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Sekondari Tanzania. Neno taaluma limo ndani ya jina, ingawa aliyewahi kufuatana na timu kambini anajua ni neno lipi kati ya hayo mawili hubebwa kwenye basi. Mfano wa faida ya kuyabeba yote mawili tunao: Hashim Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipita sekondari huko Houston na Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya klabu ya Memphis kumchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa mwaka 2009. Urefu wake ulimfungulia njia, lakini njia yenyewe ilipita madarasani.

Kuhamisha mfano wa Carter kunahitaji kuushona upya. Sisi hatuna wastani unaosomwa kila baada ya wiki chache. Matokeo mazito hutoka kwenye mtihani wa taifa mwishoni, wakati ambapo kocha hana tena la kufanya. Kwa hiyo mkataba wetu ungepaswa kusimama juu ya vitu vinavyoonekana kila wiki: mahudhurio, madaftari yaliyosahihishwa, na saini ya mwalimu wa somo ambalo mtoto analikimbia. Tena viwanja vyetu vingi ni vya saruji chini ya jua, havina mlango wa kutia kufuli. Mwenye begi la mipira ndiye mwenye ufunguo, na akiwa amelishika anapaswa kuwa tayari kukosa kombe la mkoa kwa sababu ya daftari la mtu mmoja, naye ajue mapema atamwambia nini mkuu wa shule aliyekwisha kuagiza kabati la kombe.

Yapo pia ambayo mkataba wa mchezaji hauwezi kuyagusa. Kijana anaweza kukaa safu ya mbele katika darasa linalovuja. Carter alilijua hilo, na baada ya msimu ule aliligeuza dai lake upande wa pili: alipanda skuta ya kusukuma kwa mguu kutoka Richmond hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, ili kuidai serikali ikarabati majengo ya shule yake. Serikali hiyo ndiyo iliyoamriwa na mahakama mwaka 1991 kuhakikisha milango ya shule hizohizo haifungwi.